Malalamiko Dhidi ya Mtambo Unaokataa Kuharibika

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Karakana ya Mitambo Midogo ya Upepo,
Mlango wa Bluu, Nyuma ya Ghala.

Mheshimiwa Mkurugenzi, mjukuu wangu, mume wangu,

Kwanza kabisa, una haya? Miezi saba! Zamani ulikuwa ukija kama aliyekuja kuchukua moto, nami nikinung'unika. Sasa hata huo moto huji kuuchukua. Salamu utazikuta mwishoni, ukizistahili.

Anayeandika hapa ni jirani yangu fundi cherehani, maana mimi shule niliiona kwa nje tu. Herufi ni zake, maneno ni yangu. Mara mbili amejaribu kuyapunguza kama anavyopunguza kiuno cha sketi, nimemkataza.

Fomu ya ofisi ya viwango nimeipata. Wanataka niweke dole gumba kuthibitisha kwamba mtambo uliofungwa juu ya paa langu umefanya kazi miezi sita bila hitilafu. Nimesomewa pia kwamba bila dole hilo huruhusiwi kuupeleka sokoni. Basi nisikilize vizuri. Dole ninalo, wino ninao, na siweki. Sababu zangu ni hizi:

1. Mtambo hauharibiki. Ule wa kwanza ulikuwa na adabu. Siku ya tatu panga lake moja liliruka, likakata kamba ya nguo na kutua kwenye beseni la jirani mwingine, mwenyewe akiwa anafua. Ukaja mbio, ukakaa siku mbili, ukala, ukalala, ukaniombea radhi kwa jirani. Wa pili ulilia kama mbuzi anayezaa. Ukakaa siku nne ukiutia grisi, nami nikikushikia ngazi na kukupa spana. Wa tatu uliunguza taa zote, hata ya chooni, na huo ndio niliupenda zaidi, maana ulikuweka hapa wiki nzima. Huu wa nne unazunguka tu. Haulii, hautikisi bati, hauunguzi kitu. Tangu uufunge sijakuona. Sasa kitu kizima namna hii kina faida gani?

2. Umenifukuza kazi. Kila jioni ulikuwa ukinipigia, "Bibi, taa zimewakaje leo?" Nami nilikuwa nimechora ukutani kwa mkaa, mstari mmoja kwa kila saa ya taa. Nakusomea mistari, na juu yake nakuongezea umbea wa mtaa mzima. Siku hizi umefunga kidude kinachokupelekea habari chenyewe kwenye simu yako. Upepo wa kwangu umepita saa ngapi, unajua. Goti langu limefikia wapi, hujui. Na kidude hakina umbea.

3. Hili ndilo kubwa. Mwezi uliopita nililala na homa siku tatu. Mtambo ukazunguka, kidude kikakuambia kwa Bibi mambo ni mazuri. Simu kimya. Siku ya nne nikapata nguvu, nikapanda ngazi, fundi cherehani akiishika huku akinitukana, nikaufunga mkia wa mtambo kwa kamba ya nguo, ukasimama. Hata chai haijachemka, simu ikalia. "Bibi, mtambo unaumwa nini?" Nikakwambia aliyekuwa akiumwa ni mimi. Ukasema, "Pole sana, Bibi. Hebu nitazamie mkia." Nikaufungua. Ukashukuru, ukakata simu.

4. Watu wamejaa kwangu. Mtaa ukiwa giza kwangu kunawaka, basi kinyozi amehamishia mashine yake kibarazani na nywele nafagia mimi. Wote wanauliza fundi wa maajabu haya atakuja lini. Nimechoka kusema kesho.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa heshima zote, nadai unirudishie mtambo wa tatu. Nadai pia kila mtambo utakaouuza uwe na ubovu wake, walau mara moja kwa mwezi, ubovu ambao hakuna wa kuuponya ila mjukuu wa nyumba hiyo. Usicheke. Fikiri kidogo. Chini ya kila paa kuna bibi. Ukiwafungia wote mitambo isiyoharibika utakuwa umewapa wajukuu wa mji mzima ruhusa ya kutokuja. Taa zitawaka, na hakutakuwa na wa kumulikwa.

Na kama hayo hayawezekani, nifunge mimi hicho kidude, hapa kifuani, ili na mimi nikisimama simu yako ilie.

Usiponijibu, nitapanda tena, na safari hii sipandi na kamba, napanda na mchi. Baada ya hapo nitadai talaka. Fundi cherehani anamjua mzee mmoja mwenye ngazi yake mwenyewe.

Haya, salamu zako. Nisalimie mama yako. Nisalimie wote hapo karakana, hata yule mchomeleaji aliyesema hana njaa akala sahani tatu. Kinyozi anakusalimu, na jirani wa beseni pia, ingawa bado anakutazama kwa jicho la pembeni.

Ni mimi mwenye paa,
bibi yako na mkeo wa kwanza.

Nyongeza: Karatasi ilikuwa imeshakunjwa, nimemwambia fundi aikunjue. Jana ulivuma upepo mkali, nikasikia mkia unagonga. Nati ilikuwa imelegea palepale nilipofunga kamba yangu. Mimi niliyeomba uharibike, ulipotaka kuharibika nilikimbilia ngazi peku. Nilitumia spana namba kumi na tatu, ile uliyoisahau kwenye debe la mkaa. Nimekaza kama ulivyokuwa ukikaza, na ulimi nje kama wewe. Unazunguka. Simu yako haikukwambia kitu, maana haukusimama hata kidogo.

Kwa hiyo dole nimeliweka, limo humu ndani ya bahasha. Nimelibonyeza mara mbili wasije wakasema hawakuliona. Hitilafu ilikuwa ni mimi, na fomu haikuuliza habari zangu. Peleka mtambo wako sokoni, mume wangu, watu wapate taa.

Ukija, sanduku la spana liache hukohuko. Na usianze kutazama paani. Ingia ndani.