Maswali ya Shemeji Dalmas

Jumatatu, 3 Machi

Saa tatu asubuhi, simu kutoka kliniki ya Kinoo. Sista Nzula. Sauti ya chini, ile ya muuguzi mwenye foleni mbele yake.

"Kiema, hii mashine yenu imekula mtoto."

Nimemwomba anieleze polepole. Kumbe Nyokabi, mama wa mapacha, alikuja kuwaandikisha watoto wake. Sista akamwandika Mwaura kwanza. Kisha akabonyeza kitufe changu kiitwacho "Ndugu Yake". Kazi yake ni kuchukua kadi ya mtoto wa kwanza, ili muuguzi asiandike upya jina la mama, simu na mtaa. Akafuta "Mwaura", akaandika "Wangu", jina la pacha wa pili. Alipotazama akaona akina Wangu wawili. Mwaura hayuko popote.

Nimemwambia ni makosa ya kuandika. Akasema amejaribu mara tatu. Nikasema basi ni makosa ya kuandika, mara tatu. Amekata simu.

Kitufe kile ni changu, nimekitunga mwenyewe, na nilikisifu sana mbele ya Madam Mukai, mwenye kampuni yetu ya programu za kliniki. Mwisho wa mwezi atachagua mkuu wa programu. Watu wa kuchaguliwa ni wawili: mimi, mwenye miaka arobaini na miwili na meza ya dirishani inayotazama mjini, na Everlyn, aliyeajiriwa Novemba, ambaye meza yake inatazama choo. Sina wasiwasi. Ila sijui Mwaura amekwenda wapi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeupata mstari wa programu wenye tatizo. Ni mmoja tu. Unasema: kadi ya pili iwe sawa na kadi ya kwanza. Mstari unaofuata unabadilisha jina kwenye kadi ya pili. Sasa ya kwanza inabadilika kwa nini? Haijaguswa.

Nimeukodolea macho kuanzia saa mbili hadi chai. Mtandaoni majibu ni mengi mno, na kila jibu linabishana na lile lililo chini yake. Linaloniuma ni kwamba hili lazima liwe swali la darasa la kwanza katika kazi hii. Everlyn angelijibu huku akimenya ndizi. Ndiyo maana siwezi kumwuliza. Nilipoingia hapa nilisema nina uzoefu wa miaka kumi. Tisa kati ya hiyo nilikuwa karani serikalini, nikijaza majedwali. Nilijaza vizuri sana, lakini ndivyo ilivyo.

Saa ya chakula nimepata mpango. Nimemwambia Everlyn kwamba kaka yake mke wangu, shemeji Dalmas, mtu mzima wa huko Busia, anajifundisha programu na ananisumbua kwa maswali ya wanaoanza, nami sina nafasi. Je, angeweza kumsaidia kidogo kwa ujumbe wa simu?

Hakungoja nimalize. "Nipe namba yake."

Mke wangu hana kaka. Ila nina simu ya pili, na laini yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwekea Dalmas picha ya shamba la mahindi, na ameanza kazi saa mbili unusu, nikiwa nimejifungia chooni.

Everlyn, ambaye kwao ni Bungoma, amemsalimu kwa Kiluhya: "Mulembe, Dalmas." Nimetafuta jibu dakika kumi. Kumbe jibu ni lile lile.

Dalmas ameuliza swali lake bila kuona haya yoyote. Alikuwa na kadi moja, akatengeneza ya pili kutoka kwayo, akabadilisha jina kwenye ya pili, na ya kwanza ikabadilika. Kwa nini?

Jibu nimelinakili hapa lote:

"Hilo swali kila mtu ameuliza, hata mimi. Hukutengeneza kadi ya pili. Kadi ni ile ile, wewe umeipa jina la pili tu. Nyumbani mimi naitwa Nafula, kazini Everlyn. Ukimnyoa Nafula, Everlyn naye ana kipara. Iambie mashine itengeneze kadi mpya tupu, halafu mimina ndani yale yaliyo kwenye ya kwanza. Lakini kadi yako ina nini ndani? Nitumie nione, kuna shimo lingine hapo mbele."

Nimeketi kwenye kifuniko cha choo nikacheka peke yangu. Ni jambo jepesi kiasi hicho, na nimeliogopa siku mbili.

Kuhusu kumtumia aone, haiwezekani. Angeitambua kadi ya kliniki papo hapo. Dalmas amejibu kwamba ndani kuna jina na simu tu. Hajataja orodha ya chanjo. Si uongo mkubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mwaura amerudi. Nimetengeneza kadi mpya, nikamimina, na sasa mapacha wana majina mawili. Sista Nzula amejaribu mwenyewe, akasema sawa. Hakusema asante. Nimemwandikia Madam ripoti ya kurasa mbili kuhusu hitilafu nzito niliyoikabili peke yangu.

Dalmas ameendelea na masomo. Leo ameuliza lile neno dogo ambalo programu hulitumia kujitaja, lile linalomaanisha "mimi mwenyewe": humaanisha nani hasa? Nimekuwa nikilinakili tangu niingie hapa bila kujua. Everlyn amemjibu kwamba inategemea nani analisema. Ni kama neno "mimi" kinywani mwa watu. Neno ni moja, lakini kila anayelisema ni mtu mwingine.

Nimelisoma jibu hilo mara kadhaa, kwenye simu ya mtu ambaye hayupo.

Nikiri jambo moja hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Ninapokuwa Dalmas, akili yangu inafunguka. Dalmas akikwama anasema amekwama. Asipoelewa anasema rudia. Nikirudi mezani kwangu nakunja uso na kutikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuelewa zamani, na ndani kumefungwa kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yamekwenda kombo kutoka upande ambao sikuutazamia. Everlyn amemsifu Dalmas mbele ya Madam. Kwamba ni mnyenyekevu, anafikiri, na maswali yake yanagusa kiini. Kwamba hajawahi kumfundisha mtu anayesikia vizuri namna hiyo.

Madam ameniuliza kwa nini nilikuwa nimemficha shemeji yangu. Nimesema ana mifugo mingi.

Akasema mtu wa namna hiyo ndiye kampuni inamhitaji. Aje wiki ijayo, wazungumze. Huenda hata cheo kile akakishikilia mtu kutoka nje.

Yaani nashindania cheo na Everlyn na Dalmas, na Dalmas anaongoza.

Jumatatu, 10 Machi

Mwisho wa wiki nimeutumia kupanga namna ya kumharibia jina. Leo Dalmas ameuliza swali la kijinga makusudi, swali la kumfanya Everlyn avunjike moyo: kadi mbili zikiwa na maneno yale yale, si basi ni kadi moja?

Everlyn amemjibu kwamba tangu waanze hajauliza swali zuri kama hilo. Amemwandikia mistari kumi na miwili. "Mapacha wakivaa sare wanafanana, lakini si mtu mmoja. Kwa hivyo, kabla ya kuiuliza mashine kama vitu viwili ni sawa, jiulize unataka kujua nini: vinafanana, au ni kile kile kimoja?"

Ameomba tena, kwa mara ya nne, aone kilichomo ndani ya kadi. Dalmas amesema mtandao wa Busia ni mbaya.

Nimekwenda nyumbani Mountain View nikiwa na hasira. Mke wangu ameniuliza nani kaniudhi. Nimesema shemeji. Akaniuliza shemeji gani.

Jumanne, 11 Machi

Leo sitaandika kwa mzaha.

Saa nane Sista Nzula amepiga. Hakupandisha sauti. Wiki jana Wangu alichomwa sindano yake. Mwaura alikuwa na homa kali, mama akaambiwa amrudishe akipoa. Leo asubuhi Nyokabi amemrudisha. Sista hakuwa zamu, alikuwepo muuguzi mgeni, na kijitabu cha mtoto mama alikisahau nyumbani kwa haraka. Muuguzi akatazama mashine. Mashine ikasema Mwaura amekwisha kuchomwa. Mama akabisha. Akaambiwa kompyuta haisahau, akarudishwa nyumbani.

"Amekuja kwa miguu, Kiema," Sista akasema. "Mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Na huyu mtoto hajachanjwa. Sasa niambie, wako wangapi wengine?"

Sikujua. Nilisema nitampigia. Nikafungua programu nikaitazama. Majina yalikuwa mawili, kadi zilikuwa mbili, na bado sindano ya Wangu ilikuwa imeandikwa kwa Mwaura. Nikatoa ile simu nyingine. Nikaandika, "Mulembe, nina swali." Kisha nikaona kwamba Dalmas hawezi kuliuliza. Angelazimika kuionyesha kadi.

Kutoka dirishani hadi kwenye meza ya Everlyn ni hatua sita. Nimezivuka nikiwa na kompyuta mikononi, nikaiweka mbele yake.

Nikamwambia, "Nilitengeneza kadi mpya tupu, nikamimina ndani yaliyo kwenye ya kwanza. Majina yametengana. Chanjo hazijatengana. Kwa nini?"

Ameitazama skrini. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Maneno yale alikuwa ameyaandika mwenyewe, na aliyajua. Akavuta kiti cha pili.

"Orodha ya chanjo iko ndani ya kadi," akasema. "Ulipomimina, hukumimina orodha. Ulimimina njia ya kufika kwenye orodha. Umechonga ufunguo wa pili, Bwana Kiema, lakini chumba ni kimoja. Ingia na ufunguo wowote, ukisogeza kitanda, kimesogea. Unatakiwa ujenge chumba kingine."

Tumekijenga kwa dakika ishirini. Kisha tukatafuta kila mtoto aliyeandikishwa kwa kile kitufe. Kumi na tisa. Nimempigia Sista Nzula na kumsomea majina, moja moja, awapigie mama zao simu na kulinganisha na vijitabu vyao. Mwingine mmoja ametiliwa shaka, kijitabu chake hakionekani. Waliobaki wako sawa.

Tulipomaliza Everlyn akafunga kompyuta yangu taratibu.

"Kwa hivyo Dalmas hayuko."

"Hayuko."

"Nilikuwa nimemwambia mamangu habari zake." Akanisogezea kompyuta yangu. "Ile siku ya kwanza nilikuomba uonyeshe ndani. Ningeona hii orodha, huyu mama hangerudishwa. Wewe nakuheshimu, Bwana Kiema. Lakini yeye ndiye nilikuwa naona raha kufundisha."

Nikaichukua kompyuta, nikazirudia zile hatua sita.

Jumatano, 12 Machi

Mwaura amechomwa saa tatu asubuhi. Nilikuwepo. Nimekwenda Kinoo mwenyewe, nikasimama kando ya mlango. Amelia kwa nguvu, kisha akalala. Nyokabi aliniuliza kama mimi ndiye mtu wa mashine. Nimesema ndiyo. Nikamwomba msamaha. Akasema sawa, lakini siku nyingine niiambie mashine iwe inamsikiza mama.

Yule mtoto aliyetiliwa shaka, kijitabu chake kimepatikana. Naye yuko sawa.

Kutoka huko nimekwenda moja kwa moja kwa Madam Mukai. Everlyn alisema hatanisemea, wala hatanificha. Nimeeleza yote, pamoja na mifugo. Madam amesikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa. Akasema kutojua si kosa. Kwake yeye, kosa ni kwamba mtu mzima alijifungia chooni ili aulize, na mtoto wa watu akalipia haya yake. Everlyn ndiye mkuu wa programu kuanzia leo. Mimi nitabaki, ila kila Alhamisi nitauliza maswali matatu mbele ya wote, kwa sauti, kwa jina langu.

Nimesema nimeelewa. Na niliposema hivyo, nilikuwa nimeelewa kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeuliza maswali matatu. Mawili nilikuwa nayajua majibu yake tangu jana. La tatu lilikuwa saa ngapi tunafunga.

Everlyn ameandika kitu kwenye daftari lake.

Jumatatu, 17 Machi

Mwisho wa wiki nimetafakari sana. Nimefikia uamuzi kwamba tatizo la kampuni hii ni kuona haya. Watu wanaona haya kuuliza. Ni jambo la kusikitisha, na lazima mtu mmoja mwenye uzoefu alitafutie dawa.

Asubuhi nimempelekea Madam pendekezo: sanduku la maswali. La mbao, lenye tundu juu, liwekwe karibu na birika la chai. Mtu anaandika swali lake kwenye karatasi, bila jina, anatumbukiza. Alhamisi linafunguliwa, Everlyn anajibu, na hakuna anayejua nani aliuliza.

Madam akasema ofisini tuko watatu, naye akiwemo.

Nikamwambia kampuni itakua.

Amenitazama, akasema nifanye nitakavyo, mradi nisitumie mbao za kampuni. Sanduku limekamilika saa kumi. Limependeza. Nimekwisha kutumbukiza maswali manne, yote nikiyaandika kwa mkono wa kushoto. Everlyn akianza kushuku, nitamdokezea kwa upole kwamba huenda ni Madam.