Malalamiko Kuhusu Mkate wa Kumimina wa Kila Alhamisi

Kisarawe
13 Oktoba 1954

Kwa Shangazi yangu mpendwa, Mwanamkuu binti Mwinyijuma, Chole.

Shikamoo Shangazi. Naanza kwa kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mwanajuma, binti yako, anayekusomea barua hii. Katika jaribio la jiografia la wiki iliyopita niliandika kwa makusudi kwamba mto Ruvu huanzia baharini, hupanda milima ya Uluguru, na kuishia huko juu. Mwalimu Wilbrod akanitilia vema. Pembeni akaandika, "Safi."

Tangu siku hiyo sina raha. Nimefikiri sana, na naona kosa si la Mwalimu. Kosa, kwa heshima zote, ni la mkate wako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu Februari, kila Alhamisi, unampa Mzee Mwishehe mkate wa kumimina aufunge kwenye baiskeli juu ya gunia lake la mkaa, amletee mwalimu wangu zawadi. Hukuombwa. Unatwanga mchele mwenyewe, unakuna nazi mbili, unatia hiliki mpaka darasa zima linajua kuwa ni Alhamisi kabla Mzee Mwishehe hajashuka kwenye baiskeli. Nashukuru, lakini nalalamika.

2. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba sahani ya mtu hairudi tupu. Sasa Mwalimu Wilbrod ni mseja, ana sufuria moja, na chakula chake ni uji asubuhi na uji jioni. Atie nini? Mara ya kwanza alirudisha sahani yako na vipande vitatu vya chaki. Mara ya pili alitia papai, nalo lilitoka bustani ya shule, kwenye mpapai ninaoumwagilia maji mimi. Baada ya hapo zikawa ndimu mojamoja, na mimi nikawa wa kwanza darasani. Tafakari, Shangazi. Kilichopungua kwenye sahani kimejitokeza kwenye daftari langu.

3. Wiki ile ya mvua kubwa njia ilikatika, mkate haukufika. Nikawa wa tisa.

4. Kitwana, ambaye huwa wa pili, na ndiye anayemchotea Mwalimu maji, ameniita Binti Hiliki. Juzi alisema mbele ya watu, "Mwanne hana akili, ana shangazi." Wote wakacheka. Kusema kweli, hata mimi nilikuwa nafikiri hivyohivyo.

5. Mtihani wa darasa la nane ni mwezi ujao. Utasahihishwa Dar es Salaam, na watu ambao hawajawahi kuonja mkate wako. Baba amekwisha kusema kwamba nisipofaulu nitarudi Chole kuamia ndege kwenye mpunga. Sina ugomvi na ndege, ila nataka kuendelea kusoma. Lazima nijue sasa, si Desemba, kama akili ninayo.

Kwa hiyo naomba uache kuoka mpaka mtihani upite. Kama mikono yako haiwezi kutulia, basi oka mmoja mbaya: tia chumvi badala ya sukari, zidisha makaa juu ya kifuniko, uungue, tuone kama alama zangu nazo zitaungua. Kama hilo litakuaibisha, oka thelathini na moja, kila mwanafunzi awe na wake, tuwe sawa. Na kama hayo yote ni mazito, haki inataka wasahihishaji wa Dar es Salaam nao waletewe. Sijui ni wangapi. Anza na kumi.

Nisalimie Baba, nisalimie Bibi na majirani wote unaowaokea, na kuku mweupe ikiwa bado yuko. Mwanajuma naye salamu, na asiruke kifungu cha pili.

Mimi mwanao mtiifu,
Mwanne binti Shomari

Nyongeza, Alhamisi mchana. Mzee Mwishehe amefika na mkate kabla sijampa barua. Niliuchukua hadi kwa Mwalimu, nikamwambia, huku natazama miguu yangu, kwamba huu ni wa mwisho, na habari za mto Ruvu. Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema jibu lile hakulisoma. Amezoea kwamba majibu yangu ni sahihi, hivyo huyatia vema huku anakoroga uji. Akachukua wino mwekundu, akalikata. Bado nilikuwa wa kwanza. Wiki ya mvua, alisema, nilishuka kwa sababu nilishinda dirishani nikimtazamia Mzee Mwishehe.

Mkate wenyewe hajapata kuula. Nazi humvuruga tumbo, na aliona haya kukwambia, basi humpa Kitwana akileta maji. Sasa najua Kitwana alikoijulia hiliki.

Nilimwomba Mwalimu mkate huu, akanipa. Nilikwenda kukaa kisimani, na Kitwana alipokuja na ndoo nikaanza kula mbele yake, polepole. Nilipofika robo tatu nilishindwa. Kilichobaki nilimpa, kwa kuwa ameuzoea.

Sahani anakuletea Mzee Mwishehe. Nimeitia barua hii ndani, isirudi tupu. Alhamisi ijayo oka kama kawaida, ila mwambie Mzee Mwishehe kwamba ni wangu.