Jinsi Gerda Friesen Alivyoirudisha Mitaa ya Winnipeg

Sogeeni, enyi wenye masikio na msio na kazi za maana, mpate habari ya Gerda binti Friesen, simba wa kibodi, mshinda theluji asiyeshika koleo, aliyeirudisha mitaa ya Winnipeg siku ilipotoweka yote kwa mpigo. Nawe Mola uliyenijalia ulimi huu mrefu, uzuie wino wangu usigande, maana Januari ya huku haina adabu.

Kampuni ya akina Gerda ilikuwa ikiandika programu ya kuwaonyesha madereva wa magari ya kukwangua theluji mtaa wa kusafisha, kisha unaofuata. Vikao kwa vikao Gerda alisimama kama khatibu akiitetea jenereta, si ile ya umeme, ni silaha ya lugha ya programu iitwayo JavaScript, ambayo ukiiita haikumwagii mitaa yote kichwani, bali hukupa mjumbe. Wenyewe humwita itereta. Ukimwambia "lete", anakuletea mtaa mmoja, kisha anakaa kimya akingoja uagize mwingine. Akishamaliza amemaliza, hata umlilie, harudi nyuma.

"Jamani, mwaminini tu!" alihutubia. "Ukishamtuma mtu sokoni, unamfuata nyuma kumhesabia nyanya?"

Orest Kowalchuk, hasimu wake wa meza ya pili, ambaye mbinu yake ya kupakia mitaa yote kwa mkupuo iligandisha kompyuta kuliko baridi inavyougandisha Mto Red, alikuwa akitafuna donati. "Haya, dada," akasema. "Tutaonana siku ya maonyesho. Ikikwama, tunarudi kwenye mbinu yangu."

Siku ikawadia. Bibi Lafreniere wa manispaa, mnunuzi wa programu, akaketi na koti lake, kahawa mkononi. Gerda akabonyeza. Skrini ikawa nyeupe pee.

Bibi Lafreniere akaitazama skrini, akatazama dirishani, theluji ilikokuwa ikianguka kana kwamba ina ugomvi na mtu. "Kumbe mji wetu hauna mitaa?" akauliza. "Hongereni. Mmemaliza kazi ya msimu mzima."

"Si nilisema mimi?" Orest akanong'ona, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni.

Ole wake shujaa! Akishindwa hapa jenereta inazikwa, na yeye atakaa mpaka theluji iyeyuke akiulea msimbo wa Orest, maandishi ya programu aliyoyaita takataka mbele ya watu. Akaomba muda kidogo, akakunja mikono ya sweta, akauvamia msimbo wake kama jeshi livamialo ngome, akapekua huku na huku, jasho likimtoka katika baridi ile, mpaka akamwona adui.

Ulikuwa mstari mmoja tu, mfupi, mnyonge, umejibanza juu kidogo ya pale kazi inapoanzia. Ulimwamuru mjumbe alete mitaa yote papo hapo na kuichapisha pembeni, ili mtu ahakikishe kwamba ipo. Mjumbe mtiifu alikuwa ameileta yote, kwa hiyo programu yenyewe ilipomwita akaja mikono mitupu.

"Ni nani baradhuli huyu," Gerda akanguruma, akisimama, "asiye na imani, aliyemmaliza mjumbe wangu kwa kuchungulia? Hana haya wala soni! Ajitokeze nimweleze!"

Orest akafungua taratibu historia ya msimbo, inayotunza jina la mwandishi wa kila mstari. Akasoma. Akameza donati.

"Ni wewe, dada. Jana jioni."

Gerda alitamani sakafu ipasuke immeze, na kibodi yake ifuate.

"Nilikuwa nahakikisha tu," akasema, kwa sauti ya panya.

Kisha akanyoosha kidole, kidole kitakachokumbukwa na vizazi, akaufuta mstari. Mtaa wa Portage ukatokea. Bibi Lafreniere akabonyeza, ukaja Ellice. Akabonyeza tena, ukaja Sargent.

"Tunaichukua," akasema. "Ila huyu mjumbe wenu, anaaminika kweli?"

"Anaaminika sana, mama," Orest akajibu haraka. "Wa kuchunguliwa ni bosi wake."

Gerda akacheka, hana la kufanya, akapokea donati ya mwisho kama wapokeavyo majemadari funguo za mji. Na historia, isiyosahau wala kuficha, ikaandika pale pale, mstari chini ya mstari: aliyeipoteza mitaa ya Winnipeg, Friesen, aliyeirudisha, Friesen.