Redio Imesema Tumekasirika

Kijiwe cha kahawa cha Mwajabu, kule Mbagala ndani-ndani, kilipata habari za hasira zake kupitia redio. Saa moja asubuhi, kashata ya kwanza bado iko mdomoni, mtangazaji akasema kwa sauti ile ya kutangazia mafuriko kwamba wakazi wa mtaa huo wamefura kwa ghadhabu, maana mzee wao mmoja mchonga vinyago, Kasiani, amedhalilishwa na diwani wake msibani, mchana kweupe.

Shingo zote zikageuka. Kasiani, ambaye hapo kijiweni ni Patasi, alikuwa anapuliza kikombe.

"Shikamoo, Mzee Patasi," akasema Mwajabu. "Kumbe umekasirika na hutuambii?"

"Marahaba. Na mie ndo nasikia."

Na jambo lenyewe wote walikuwepo. Jumamosi walikuwa wakizika jirani. Diwani ni Myao, Kasiani ni Mmakonde, na watani wa kusini wakikutana msibani adabu inabaki getini. Mtani anaweza kuingia kaburini akalala, akadai halimtoshi, na wafiwa wakacheka huku machozi yanatiririka. Basi diwani akasimama, akamnyooshea kidole Kasiani, akasema Wamakonde hawa hawajengewi kidaraja kipya cha bondeni, watakichonga pua na masikio wakiuzie wazungu. Kasiani akamjibu kwamba Myao hata Peponi ataanza kwa kuuliza fremu za maduka ni bei gani. Mjane mwenyewe alicheka mpaka akashikiliwa.

Ila kuna bwana mmoja anautaka udiwani. Kwenye simu za watu ikatokea video ya sekunde kumi na mbili: kidole kipo, maneno yapo, kicheko kimekatwa, na jibu la Kasiani limezikwa pamoja na marehemu.

Gaudens ndiye aliyewaletea mengine. Huyu ni mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, wanamwita Vichwa, kwa kuwa husoma kurasa za mbele kwenye meza ya muuza magazeti, hanunui, halafu anakuja kuwasimulia ya ndani. Alisema magazeti matano, yote yanawaandika wao. Moja linauliza taifa linaelekea wapi. Jingine limehesabu waliokasirika.

Wakacheka. Kasiani hakucheka sana. Kidaraja kilisombwa na masika, na ng'ambo ya bonde ndiko iliko zahanati. Binti yake Rosalia yuko ndani na mimba ya miezi tisa. Kwa pikipiki ni kuzunguka saa nzima ya makorongo. Na ni diwani huyohuyo, mtani wake, aliyekuwa apeleke hoja ya kidaraja kwenye kikao cha madiwani Alhamisi. Sasa kikao kitamjadili yeye.

Saa nne akaja Fredrick, mtoto wa mtaa huohuo, siku hizi yuko kwenye runinga. Alipanda kutoka bondeni suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi, mpiga picha nyuma yake anahema. Akamwamkia Kasiani, akampa pole.

"Ya nini, mwanangu? Ule ni utani. Hata baba yako tulimzika hivyohivyo, Myao kagoma kutoka kaburini."

"Najua, mzee. Mhariri wangu ndo hajui."

"Basi kaoneshe kidaraja. Si umevua viatu mwenyewe?"

Fredrick akaangalia miguu yake. Alisema habari ya kidaraja ameipeleka mara mbili. Mara zote aliulizwa nani kamtukana nani, akajibu hakuna, ni maji tu, akaambiwa arudi akishapata mtu mwenye hasira.

Kasiani akasema yeye hawezi, mtani akinuna anatozwa jogoo.

"Jogoo natoa mie," akasema Mwajabu. "Kasirika, mzee wangu. Ila kasirikia kidaraja."

Basi akasimama mbele ya kamera. Alianza kama mtu anayekariri, lakini alipofika kwa Rosalia sauti ikakatika, mikono ikaanza kutetemeka. Aliongea dakika nne juu ya bonde lile, na Vichwa, anayejuaga kumkatiza hata imamu, alivua kofia.

Jioni wakajazana kwa Mwajabu kuangalia taarifa ya habari. Wakamwona Kasiani anatetemeka, ila sauti yake haikuwepo. Juu ya picha alikuwa anaongea mchambuzi mwenye tai, anaeleza uchungu wa mzee aliyevunjiwa utu wake.

Jumatano mtaka-udiwani akaja na magari manne kutoa pole. Yakaishia ng'ambo. Akatazama tope, akatazama viatu vyake vyeupe, akasoma pole yake kwa kipaza sauti. Kasiani akampungia mkono na kumkaribisha avuke. Usiku redio ikasema viongozi wameshindwa kumfikia mzee, njia zimefungwa na wananchi wenye hasira.

Alhamisi kikao kikamsimamisha diwani. Kidaraja hakikutajwa. Na mchana huohuo Rosalia akashikwa na uchungu.

Kasiani akampigia Stephano wa bodaboda.

"Huko siji, mzee. Si kuna vurugu? Nimeona kwenye taarifa."

Akampigia mwingine. Naye ameona.

Mwajabu akamwaga kahawa, akawaamuru wote wanyanyuke kwenye benchi. Wakamkalisha Rosalia, yeye mwenyewe akamshika mgongo. Kasiani akabeba mguu wa nyuma wa benchi, Vichwa mwingine, kijana wa genge la nyanya mbele. Mguu wa nne haukuwa na mtu, mpaka alipotokea diwani, hana kazi siku hiyo, amekuja kumsalimia mtani. Alivua viatu bila kuuliza, akatia bega.

Katikati ya bonde, maji magotini, simu ya Kasiani ikaita. Vichwa akaibana sikioni mwa mzee kwa mkono wake ulio huru. Alikuwa Fredrick. Mhariri amesikia diwani ameonekana mtaani. Je, wananchi wamemshambulia?

"Mwambie tumemkamata," akasema Kasiani. "Tumempa mguu wa mbele, kwenye kina kirefu."

Diwani akaanza kucheka, bega likatikisika, benchi likayumba.

"Jamani," akasema Rosalia kwa meno yaliyobana, "mtacheka ng'ambo. Tembeeni."

Wakatembea.