Simu Yangu ya Kichina Mbele ya Hakimu

Jamani, leo nimeaibika. Tena mahakamani Lilongwe, mke wangu akiwa hapohapo!

Mnaikumbuka cherehani yangu, ile niliyoiacha kwa jirani yangu Banda anitunzie, kule mtaa wa Area 36, niliporudi kambini Dzaleka? Banda aliigeuza yake. (Na mimi fundi nimekaa mikono mitupu, nawatazama wenzangu wakishona sare za kwaya.) Tukapelekwa kwa mpatanishi. Mama yule alitwambia kabisa: yanayosemwa humu yanabaki humu. Nikaitikia, huku simu yangu ya Kichina inarekodi mfukoni. (Mjanja mimi!) Na kweli, Banda akakiri kwamba cherehani ni yangu. Baadaye akakana, ndiyo maana leo tulikuwa kwa hakimu, na cherehani yenyewe imeletwa pale mbele.

Nikasema nina ushahidi kwenye simu. Banda akapinga, eti mambo ya upatanishi ni siri. Sikungoja hakimu aamue. Nikabonyeza.

Spika za Kichina mnazijua kwa kelele. Sauti ya kwanza kusikika ilikuwa yangu mwenyewe: "Ndugu Banda, unisamehe. Makosa yote ni ya mi. Hata ukibakia na ile mashini, mi sina neno. Amani njo ya maana."

(Watu wa Bukavu mnanielewa. Kwetu huanzi kikao bila kuomba msamaha, hata kama wewe ndiye uliyeibiwa. Ni adabu tu!)

Mkalimani wa mahakama akatafsiri yote. Banda akaacha kupinga, akaomba yaandikwe.

"Zima hiyo simu," hakimu akasema. "Maneno ya upatanishi hayaingii hapa. Si yako wala yake."

Nilizima haraka kuliko nilivyowasha. Nilitamani kumkumbatia!

Akauliza kama kuna ushahidi mwingine. Mke wangu akasimama, mpole kabisa. "Mheshimiwa, kamba ya kuzungusha ile mashini ilikatika. Tuliunga na kipande cha mukaba ya bwana yangu. Kipande ingine iko nayo hapa kiunoni."

Nikaamriwa nifunue koti. Mukaba wenyewe huo: mshipi wa ngozi wenye nyota, umeishia ubavuni, halafu umeungwa kwa kamba ya nailoni ya bluu. Kwenye cherehani, nyota zilezile. Banda alipoulizwa ile ngozi aliitoa wapi, akaanza kuutazama mshipi wake mwenyewe. Mahakama nzima ilicheka, na polisi wa mlangoni akafuta machozi.

Cherehani tunarudi nayo, imefungwa nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, na roho yangu imetulia. Ila ombi langu ni moja: mkinikuta njiani, nisalimieni usoni. Kiunoni msiangalie.