Clarrie Bunworth Auteka Mlango wa Wazazi

Jongeeni, enyi mliosimama na mlioketi, mkasikie habari za jemadari aliyeuendea mlango mmoja wa wodi ya wazazi, hospitalini mjini kwetu Dubbo, na nusura umshinde.

Clarrie Bunworth ndiye huyo, simba wa kamusi, mchosha wageni mezani, mwalimu mstaafu asiyeachia neno lipite bila kuliuliza ukoo wake. Binti yake Tegan alikuwa ndani, uchungu umemkaba tangu alfajiri, mume yuko mbali migodini. Tegan akaagiza baba yake aje. Mlangoni ziliandikwa herufi nne: PUSH, yaani sukuma. Shujaa akaukamata mpini kwa mikono miwili, akauvuta kwa ghadhabu ya majeshi.

Mlango ukagoma.

“Clarrie, si umeandikiwa hapo?” akasema mkewe Noeline, kakumbatia mfuko wa nguo za mtoto.

“Nimeona! Ila neno hili si la kuparamia, mke wangu. Limetoka kwa Warumi, kwao lilikuwa kupigapiga. Pulse, yaani mapigo ya moyo, ni ndugu yake wa damu. Likapitia Ufaransa ndipo Waingereza wakalichukua. Enzi za mababu, magenge ya wahuni kule Sydney yaliitwa hivyohivyo. Kumhimiza mtu, ni hilo. Kumfukuza, ni hilo…”

“Na kumzibia mtu njia je?”

Msidhani aliogopa. Majemadari hawaogopi, hutoa mihadhara, mpini ungali mikononi.

Ndipo sauti ya mkunga ikapenya: “Sukuma, Tegan! Tena!” Na ya Tegan, yenye mikwaruzo: “Baba yuko wapi?”

Mhadhara ukakatika. Noeline akamshika kiwiko, akauliza polepole, “Unaogopa, mzee wangu?”

“Sana, Noeline.”

“Haya, twende hivyohivyo.”

Akatanguliza bega kama anayebomoa ngome. Mlango, ambao hata paka angeufungua, ukafunguka mara moja, na mshindi akaingia kwa magoti hadi miguuni pa mkunga. Akajizoazoa, akaushika mkono wa binti yake.

“Baba,” Tegan akahema, “ukianza na Warumi, nakutoa nje.”

“Sukuma tu, mwanangu,” akasema, machozi yakimdondoka.

Akazaliwa msichana, mwenye mapafu ya tarumbeta.

Basi, waandishi wa historia, futeni vita vyenu vidogovidogo mpate nafasi. Andikeni kwamba mlango wa wazazi wa Dubbo ulitekwa mchana kweupe, ukiwa haujafungwa kwa ufunguo, na mtu mmoja peke yake, mkewe akimsaidia kidogo tu.