Bi Deki Akabidhiwa Hospitali

Jumanne asubuhi habari ililetwa kijiweni na Pingamizi, karani mstaafu tuliyempa jina hilo kwa sababu hata mvua ikimlowesha atabisha kwamba ni jua. Alisema mkurugenzi wa hospitali ya ng'ambo ya barabara hajaidhinisha kitu tangu Jumamosi. Akifungua mfumo mpya wa kompyuta, anaruhusiwa kutazama tu.

Sote tukamgeukia Nywila, fundi aliyeufunga mfumo huo. Alikuwa ameinamia kikombe chake kama mtu anayetafuta kitu kilichozama. Mwishowe akakiri. Kila mfanyakazi, alieleza, hupewa ngazi yake: huyu atazame, yule aandike, na mmoja tu aidhinishe na kuwagawia wengine ruhusa. Ijumaa, akiwa na haraka ya kuwahi mpira, alichanganya majina mawili yenye ubini mmoja. Mkurugenzi akaangukia ngazi ya wafagiaji. Bi Deki, anayepiga deki wodi ya wazazi, akawa msimamizi mkuu.

"Si urekebishe," nikamwambia.

"Ngazi hubadilishwa na msimamizi mkuu peke yake. Mimi nilishakabidhi kazi, nikajifuta kwenye mfumo. Namsubiri Bi Deki atoke zamu."

Hapo Pingamizi akapata pa kushika. Enzi zake, alisema, funguo zote zilining'inia kiunoni mwa mtu mmoja, na hakuna aliyewahi kuchanganya viuno. Nywila akajibu kwamba ndiyo maana mwenye kiuno akiugua, ofisi nzima ilirudi nyumbani kulala. Wakavutana mpaka vikombe vikapoa, muuza kahawa akatishia kuwashusha wote wawili wawe wa kutazama birika.

Bi Deki akafika, mikono ikinukia dawa ya sakafu, akajisogezea nafasi kwenye benchi. Alitueleza kwamba simu yake ilianza kulia Jumamosi: maombi ishirini na mbili yanasubiri idhini yake. Alidhani ni mambo ya sabuni. Akavaa miwani, akayasoma moja moja. La tano lilikuwa la muuguzi wa wodi yake, aliyeomba likizo mara nne akamuuguze mama yake, na mara zote nne ombi likakaa tu. Bi Deki alishawahi kumkuta akilia kwenye chumba cha mashuka.

"Nikabonyeza Kubali," alisema. "Akasafiri siku ileile. Jana kanipigia, kamkuta mama yake bado anaongea."

Hata Pingamizi alimwagizia kahawa.

Nywila akamwomba simu kwa adabu zote, akimwita mama kila baada ya maneno mawili. Bi Deki hakuwa na kinyongo. Alisema kulala na hospitali nzima chini ya mto kumemuumiza shingo. Akaitoa mfukoni, nayo ikalia palepale. Akaisoma taratibu, midomo ikicheza, kisha akatuonyesha.

Ilikuwa barua ya ofisa utumishi: msafishaji wa wodi ya wazazi aachishwe kazi mara moja kwa kutumia mamlaka yasiyo yake. Chini yake pameandikwa kwamba barua inasubiri idhini ya msimamizi mkuu.

Bi Deki akabonyeza Kataa, akafuta kioo kwa upindo wa sare yake, akamkabidhi Nywila simu.

"Haya, mwanangu. Sasa mrudishie mwenyewe."